Toroli Lililopotea Njia

Gaolou,
siku chache baada ya kumaliza kupanda ngano

Kaka yangu mpendwa Shoutian,

Shikamoo. Salamu zangu zikufikie huko Karamay pamoja na wifi na wajukuu, na zikukute unapumua vizuri, maana mara ya mwisho ulisema kifua kimeanza tena na baridi ya huko haina adabu. Unaivaa ile fulana ya sufu niliyokutumia, au wifi ameshaifanya tambara la jikoni? Sisi huku tu wazima, ila tumechoka. Mvua ilituchelewesha, tukapanda ngano kwa kukimbizana, na magoti yangu siku hizi yanalia kama mlango wa banda. Shemeji yako yupo, analala mapema na kukoroma mapema. Baba naye yu hai, usishtuke kuona bahasha. Anakula nusu bakuli ya uji na mkate mmoja wa mvuke, na anaudhi watu kama kawaida.

Najua utauliza kwa nini barua wakati simu ninayo. Kaka, ya kwenye simu mtu huyasema huku amesimama. Haya yanataka ukae chini, ufunge mlango, na uniwie radhi kwamba nimeyabeba siku zote hizi bila kukuita.

Yalianzia kwenye lile jiwe la shambani kwetu. Majira haya ya baridi vita vya Huaihai vinatimiza miaka sitini, na wilaya imeamua kuyakusanya makaburi yote ya mashujaa yaliyotawanyika mashambani, iyapeleke kwenye makaburi mapya ya mjini, yenye ngazi za mawe na misonobari. La kwetu limo, lile la askari asiyejulikana, ambalo wewe na mimi tuliling'olea magugu tangu tukiwa hatujui kujifunga vifungo. Mwenyekiti Dou alikuja mwenyewe, mfuko wa mbegu za alizeti mkononi, anatabasamu mpaka magego yanaonekana. Eti kijiji kimepata heshima. Eti watakuja wapiga picha. Eti sherehe ikienda vizuri, hata barabara yetu itatiwa lami. Kilichotakiwa ni mwenye shamba kuridhia tu, na mwenye shamba ni Baba. Sote tuliona jambo limekwisha, maana kila sikukuu ya kufagia makaburi ni Baba anayesimama pale kuwasimulia wanafunzi.

Baba akasema hapana.

Unaikumbuka hadithi yake, tulikuwa tukiitamka kimyakimya nyuma ya mgongo wake. Jeshi la serikali ya zamani limezingirwa, theluji imefunika kila kitu, mle ndani wanakula farasi wao na kuchoma mbao za majeneza wapate moto. Yeye Gao Liugen, kijana wa Gaolou, anasukuma toroli la unga kuwapelekea waliozingira. Kombora linaanguka. Anampandisha majeruhi mmoja kwenye toroli amlete kijijini. Halafu anapotea njia. Anasukuma na kusukuma, na asubuhi anapofika mlangoni kwa mama yake, yule mtu ameshakufa. Hapo Baba husema, "Nilipotea njia," anakunja mikono na kuondoka, na walimu wanabaki hawajui kama wapige makofi.

Unamkumbuka pia yule ofisa wa zamani aliyemtaka akiache kipande cha kupotea? Alisema hakimpendezi shujaa, tena mtu aliyezaliwa Gaolou atapoteaje njia ya kwao? Baba alimjibu kwamba akikiondoa hicho, hakuna kitakachobaki cha kusimulia. Tukasema huo ni ukaidi wake.

Sisi hatukushangaa kupotea kwake. Watu wa hapa hata kitandani mtu anaambiwa asogee kaskazini kidogo. Baba peke yake ndiye husema kushoto na kulia. Mama akimtuma gunia lililo magharibi ya ghala, anarudi na la mashariki, amesimama nalo mlangoni kwa aibu. Kijiji kizima kilimwita Gao Kushoto-Kulia, tena mbele ya macho yake. Shangazi Mang, yule jirani wetu wa ukuta mmoja, alikuwa akimwambia, "Wewe siku ukifa utajizika kijiji cha watu!" Baba alikuwa akicheka kwa pua tu. Ulimi wake ulikuwa mzito, maneno yake yalitoka yamepinda, nasi tangu utotoni tuliambiwa ni ule mshindo wa kombora.

Na kuna lile jambo la mwezi wa kumi, siku ya kuwachomea marehemu nguo za karatasi kabla ya baridi. Wenzetu walichora duara moja la majivu na kuacha mlango kuelekea makaburi yao, ili nguo zipate pa kupitia. Makaburi ya ukoo wetu yako kaskazini. Mama yeye alichora maduara mawili, moja mlango kaskazini, la pili mlango kusini-magharibi, ambako hatuna mtu. Mbele ya hilo la pili Baba alipiga magoti, midomo inacheza, sauti haitoki. Tulipouliza, Mama alisema baba yenu hajui pande, mwacheni, nguo zenyewe zitauliza njia. Mama alipofariki, mwaka ule ule Baba aliniuliza, kwa kujiiba kidogo, jua la baridi huzama wapi. Nikamwonyesha kwa kidole, nikaendelea na kazi zangu.

Basi, alipokataa, alichukua kigoda chake akaenda kukaa kando ya jiwe, kofia ya masikio kichwani, kila siku kuanzia uji wa asubuhi. Dou alipiga kelele kutoka barabarani, "Mzee Gao, umeota mizizi hapo? Mwenzio anahamia nyumba ya ngazi, wewe unamzuia!" Baba akamjibu, "Mwambie aje aniage mwenyewe." Wilaya wakamtuma kijana mmoja mpole, Bwana Shen, mwenye viatu safi. Alichuchumaa kwenye matope akamuuliza Baba kama anaogopa kwamba marehemu atasahauliwa. Baba akamuuliza kama amekula. Wakarudi kwangu wote wawili. Mimi ndiye mtoto niliye karibu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mbio kutoka kwa Dou kwenda shambani, kutoka shambani kwenda kwa Dou, na chupa ya maji ya moto kwapani, na shemeji yako anauliza chakula kitaiva saa ngapi.

Siku ya mwisho waliyotupa ilipokaribia, nilimfokea. Ndiyo, nilimfokea Baba. Nilimwambia nimechoka, miguu inaniuma, huyo mtu si ndugu yetu, hata jina hatulijui, amwache akalale na wenzake.

Baba akasema, "Jina lake ninalijua. Nimelivaa miaka yote hii."

Kaka, hapa ndipo nilipokuambia ukae chini. Aliyelala chini ya lile jiwe ni Gao Liugen, mtoto wa kumzaa wa Bibi, mume wa Mama, aliyemwoa vuli ile ile kabla vita havijatufikia. Baba yetu mimi na wewe anaitwa Ran Qizhou, mtu wa milima ya Guizhou, kusini-magharibi, mbali kabisa. Jeshi la serikali ya zamani lilimkamata sokoni akiuza mkaa, akafungwa kamba na vijana wenzake, akapewa bunduki, akaletwa huku kupigana na watu asiowajua. Alikuwa ndani ya mzingiro, Kaka. Alikuwa miongoni mwa wale waliokula farasi.

Anasema njaa ilipomzidi alitambaa kutoka, akifuata sauti za vipaza sauti vya upande wa pili vilivyoita kwamba huku kuna mikate ya moto. Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa na toroli. Liugen angeweza kupiga kelele, au kumpiga na mpini. Alimwangalia juu mpaka chini akasema, "Wewe umekwisha, hata kufa huna nguvu," akatoa mkate kifuani mwake akampa. Baba alikuwa bado anatafuna kombora lilipoanguka. Yeye halikumgusa. Lilimpata Liugen mapajani.

Alimpandisha kwenye toroli, na Liugen, mwenye akili zake timamu, akamwelekeza njia kama sisi tunavyoelekezana. Nyoosha kaskazini mpaka mti mkubwa wa njiani, ingia mashariki, ukiona kisima rudi kaskazini. Nakuandikia alivyoniambia Baba mwenyewe, maana siwezi kuyasema vizuri kumshinda. Alisema: "Kwetu kuna mlima huku na mto kule. Mtu anakwambia panda, shuka, kushoto, kulia. Pale palikuwa peupe kote, jua hakuna, kilima hakuna. Akisema kaskazini, mimi nasukuma tu. Niliona haya kumuuliza kaskazini ni wapi. Mtu amenipa mkate wake, nami nimuulize kaskazini ni wapi? Nilipokuja kuuliza, alikuwa hajibu tena."

Kulipokucha ukungu ukainuka, akaona alikuwa akizunguka, na nyumba zilikuwa hapo hapo, mahali mtu anapoweza kumwita mwenzake akasikia.

Bibi alifungua mlango. Baba hakumficha kitu, hata kupotea. Bibi akamuuliza kama mwanawe alikuwa bado anazungumza giza lilipoingia. Baba akasema ndiyo. Bibi akakaa kwenye kizingiti. Baadaye zikasikika sauti za waliokuwa wakikusanya mateka nyumba kwa nyumba, naye akainuka, akamvua mwanawe koti la pamba, akamvisha Baba kwa mikono yake. Akamwambia, "Umempoteza mwanangu njiani. Sasa utakaa hapa mpaka uijue njia." Waliokuja waliambiwa Liugen amerudi, mshindo umemziba masikio na ulimi, na huyu maiti ni askari aliyemwokota. Ndiyo maana alizikwa shambani, kwa kuwa kumweka kwenye makaburi ya ukoo kungetaka maelezo. Jiwe lililetwa na watu wa komuni, utawala wa vijiji wa enzi ile, miaka mingi baadaye, na Bibi hakuwa na namna ya kulikataa. Ile tabia yake ya kwenda kukata majani ya sungura pale pale kila siku, hata majani yakiwa yamekwisha, sasa naielewa. Alikuwa anamtembelea mwanawe, chini ya maandishi yanayosema hakuna anayemjua.

Nilimuuliza kuhusu Mama. Alisema mwaka wa kwanza Mama alimpitishia bakuli dirishani bila kumtazama. Mwaka wa pili alimtazama. Zaidi ya hapo alisema hayanihusu.

Na sasa anachotaka ni hiki: Liugen asipelekwe mjini akawe asiyejulikana kati ya wageni. Alazwe kwenye makaburi ya ukoo, ubavuni kwa Mama, ile nafasi tuliyomwekea Baba. "Ni yake," alisema, "mimi nilikuwa namshikia." Na yeye mwenyewe? Akaonyesha jiwe kwa kidevu. Shimo litakuwa wazi, alisema, kwa nini tujichoshe kuchimba jingine.

Nililia, Kaka, nililia kwa hasira. Nilimlilia Liugen nisiyemjua. Nilimlilia Mama. Nilikufikiria na wewe, uliyepewa kazi kwenye visima vya mafuta kwa sababu ulikuwa mtoto wa msukuma toroli wa Huaihai, na leo ningekuambia nini? Nikaenda kwa Shangazi Mang, kwa kuwa ndiye aliyebaki wa rika la Mama mwenye masikio. Nikamweleza kwa kunong'ona. Jamani, yule bibi alicheka mpaka akakohoa! Akaniambia, "Liugen alikuwa mrefu kama mlango, baba yako anapita chini ya kamba ya nguo. Ulidhani sisi vipofu?" Eti rika lao lote lilijua tangu siku ya kwanza. Bibi alipita nyumba kwa nyumba na jembe begani akasema huyu ndiye mwanangu, asiyeona vizuri aje nimfungue macho. Wakaliacha hivyo, kwanza kwa kumwogopa Bibi, halafu kwa sababu Baba alikuwa anachota maji kwa kila mjane wa kijiji. Shangazi akasema, "Asiyejua kwamba tunajua ni baba yako peke yake." Kisha akavaa viatu. "Watu wa ofisi hulala baada ya chakula cha mchana. Lete majembe."

Basi tukafanya mchana kweupe. Shemeji yako alichimba, na hakuuliza swali hata moja, siku hiyo nilimpenda. Akina bibi walibeba vikapu kama wanaokwenda kufukua viazi vitamu. Mifupa tuliifunga kwenye kitambaa chekundu, na Baba akakataa isibebwe kwa mikono. Alitaka toroli. Hilo la gurudumu moja liko bado kule bandani, juu yake wanalala kuku. Akalisukuma mwenyewe, shemeji yako amelishika ubavuni lisipinduke. Mbele akatangulia Shangazi Mang na fimbo yake, akimwambia marehemu kila tulipofika kona, "Liugen, sasa tunanyoosha kaskazini. Liugen, sasa tunaingia mashariki." Na Baba nyuma anaitikia, "Nimesikia. Nimesikia." Tulifika kwa muda mfupi sana. Baba aliona ni muda mfupi kiasi gani, akaachia mipini akakaa chini kwenye vumbi.

Tulimlaza Liugen mashariki ya Mama, upande wa mume. Halafu Baba akaenda mwenyewe kwa Dou kumwambia ameridhia.

Walikuja na sanduku, bendera na wanafunzi. Bwana Shen aliingia shimoni yeye mwenyewe. Nilimwona akiuponda udongo kwa vidole, udongo laini tuliouchimba jana yake, akamtazama Baba, akatazama mikono ya shemeji yako yenye malengelenge. Nikasema leo tumekwisha. Akapanda juu, akapangusa viatu, akawatangazia watu kwamba miaka sitini ni mingi, mifupa huyeyuka ikawa ardhi, basi tuichukue ardhi yenyewe. Wakajaza sanduku udongo wa shamba letu, wakalifunika bendera, watoto wakaimba. Dou alilia kweli kweli. Sasa mjini kuna kaburi zuri lenye udongo wa ngano na, nadhani, kinyesi cha sungura wa Bibi.

Limebaki moja, nalo ni lako. Sitaki Baba azikwe kwenye lile shimo peke yake. Ubavu wa magharibi wa Mama uko wazi. Najua mwanamke katikati ya wanaume wawili hajaonekana Gaolou, na Dou atasema, na wazee wa ukoo watasema. Waseme. Huyu alimfikisha nyumbani mume wa Mama akiwa maiti, akabaki kumlea Bibi mpaka akamzika, akatuzaa sisi. Lakini mimi ni binti, neno langu kwenye makaburi ya ukoo halina uzito. Wewe ndiye mwana mkubwa. Njoo useme, Kaka, na uje angali anakula hiyo nusu bakuli.

Kama hutawahi kufika kabla ya siku ya nguo za karatasi, chora duara huko huko ulipo. Nimeangalia kwenye ramani ya shule: kwako wewe mlango uelekee kusini-mashariki. Ni kwa ajili ya baba na mama yake Baba, ambao hawakupata kujua alikoishia. Taja jina la Ran kwa sauti. Miaka yote hiyo aliwaita kwa midomo mitupu, na anaogopa kwamba hawakupata hata koti moja.

Jana nilimweleza Baba mpango wangu. Alikuwa anamenya vitunguu saumu, hakuinua macho. Nikamwambia, tutakuweka magharibi ya Mama. Akamaliza kumenya punje aliyoishika. Kisha akauliza polepole, "Magharibi ni upande gani?"

Nilitaka kucheka, sikuweza. Nikamwambia, "Mkono wa kulia wa Mama."

Akaunyoosha mkono wake mwenyewe, akautazama. Akasema hapo atafika bila kumuuliza mtu.

Nisalimie wifi, uwabusu wajukuu, na uvae fulana. Shemeji yako anakusalimu, Shangazi Mang anakusalimu na anauliza kama una meno bado. Baba naye anakusalimu. Nilimuuliza niandike salamu zinatoka kwa nani. Alifikiri, akasema niandike Ran Qizhou, ila maandishi yawe madogo. Mimi nimeyaandika makubwa.

Ni mimi mdogo wako,
Lianfang

Salamu za baba yako,
RAN QIZHOU